Shubiri Tano na Vidole Vitatu

Baba hakuwa na picha ya meza ile.
Alikuwa nayo mkononi:
shubiri tano na vidole vitatu, ukingo hadi ukingo,
kwa sababu miaka ishirini na sita aliifuta
kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu,
katika nyumba ya wageni ya kampuni ya chai, Mufindi,
ambako ukungu huingia bila kubisha hodi
na kuketi kabla ya wageni.

"Nyeupe," alimwambia fundi Venusto Mhongole.
"Duara. Mguu mmoja tu, katikati,
mpana chini, unabana kiunoni,
unafunguka tena juu, kama..."
Akatafuta neno, akalikosa,
akapiga goti, akachora kwa kidole
kwenye vumbi la randa.
"Kama uyoga," akasema Venusto.
"Si uyoga."
"Mzee, huo ni uyoga."

Mafinga yote inanuka paini mbichi.
Mbao zipo; kazi ni kusimama.
Meza ya kwanza ilianguka kabla ya kupakwa rangi.
Ya pili ilisimama mpaka paka aliporuka.
Chenye mguu mmoja, alisema Venusto,
lazima kiwe na siri nzito chini.
Akaenda gereji, akarudi na dramu ya breki
ya Scania iliyomshinda dereva pale Kitonga,
akaivika mbao, akaificha tumboni mwa kitako,
akapiga msasa siku nne,
akaazima bomba la rangi kwa wapaka magari.

Guta lilipofika, mama alikuwa mlangoni.
"Miguu minne ilikukosea nini, Otmari?"
Meza ya zamani ilikuwa tayari uani,
kipande cha kandambili kingali chini ya mguu wake mfupi,
pembe zake zikiyajua mapaja yetu yote.
Mimi nina kovu la pembe ya dirishani.

Hii haikuwa na pembe.
Mdogo wangu Gaudensia aliizunguka mara mbili
akitafuta mahali pa baba,
pale pa mwisho, pa kutazama mlango.
"Sasa nani atakaa mbele?"
Hakuna aliyejua. Tukakaa ovyo,
magoti yakielea kama ya watu wanaooga mtoni.

Mama akatua ugali katikati,
likolo, maharage, parachichi nusu nusu.
Urefu wa mkono ukawa mmoja kwa wote,
hata kwa Festo, aliyezoea
kupelekewa bakuli likiwa limeshazunguka.

Baba hakukaa.
Alisimama hatua moja na nusu nyuma ya bega la mama,
mkono wa kushoto umekunjwa mbele ya tumbo,
taulo limening'inia juu yake,
macho hayatazami sahani ya mtu
ila yanajua ipi imepungua.
Sikuwahi kumwona kazini.
Nilikuwa namwona sasa.
Akainama, akammiminia Festo maji
kutoka kulia, bila tone kando.

Hakuna aliyetafuna.

Mama akasogeza kigoda kwa mguu.
Hakugeuka.
"Keti, Otmari," akasema.
"Wageni wameshaondoka."

Alichelewa. Alikunja taulo mara mbili, mara tatu,
akapapasa ukingo akitafuta pembe ya kulitundika,
mkono ukateleza ukaenda, ukaenda,
nusu ya meza,
kisha akaliweka mapajani na kumega ugali.
Ulikuwa umeshapoa. Juni ile baridi ilikuwa na meno.

Usiku nilimsikia akirudi sebuleni na tochi.
Alipima polepole, akihesabu kwa sauti:
tatu, nne, tano.
Kimya.
Akapima tena, kutoka upande mwingine.
"Venusto ameniibia kidole," alimnong'oneza mama,
na nyuma ya ukuta kitanda chao
kilicheka kwa muda mrefu.